Masika ya Hesabu za Milembe

Jumapili, 5 Februari 1995

Mimi Ng'washi, mjane wa Mboje, wa hapa Mwamapalala, naandika mwenyewe kwa mkono wangu. Kusoma nilijifunzia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kalamu nimeishika kama mwiko. Mwalimu alituambia msipoandika, herufi zitawatoroka. Mimi si mtu wa kutorokwa. Kwa hiyo kila msimu naandika: imenyesha, haijanyesha, nani kanikosea.

Msimu huu aliyenikosea ni Milembe. Milembe ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Justina aliyeolewa Maswa, lakini nimemlea mimi tangu alipoachishwa ziwa. Yuko chuo cha ufundi Mwanza, anasomea ujenzi, msichana peke yake katikati ya wavulana. Nimejisifu naye mpaka kanisani wamechoka. Leo nimetoka misa, namkuta amekaa kwenye kinu na begi lake miguuni.

"Bibi, nimefeli hesabu."

"Ulipokuwa unafeli ulikuwa unaangalia wapi?"

Akavuta begi karibu, akaeleza. Watarudia mtihani mwishoni mwa Mei. Akifeli tena, chuo basi. Hesabu yenyewe inaitwa trigonometria, ni mambo ya pembetatu, na mwalimu wao amesema pembetatu Milembe anazielewa vizuri tu. Kinachomwangusha ni aljebra iliyo chini yake, ile ya kuchanganya namba na herufi. Amemwambia nenda nyumbani, tafuta mtu akushike mkono kwenye aljebra, halafu urudi.

Nikamwambia mimi herufi nimezipata kwa shida, sijawahi kuona mtu akizijumlisha.

Mvua hakuna. Pamba imesimama inatuangalia.

Jumamosi, 11 Februari

Tumekwenda Bariadi, tumepata mtu. Anaitwa Selestini. Alikuwa mchoraji wa mitambo kwenye kinu cha pamba, mpaka walipopunguza watu. Siku hizi kila mahali wanapunguza watu. Anafundisha barazani kwake, ubao ameuegemeza kwenye ndoo. Malipo ni maziwa na dengu, tumekubaliana.

Sikumpenda. Mwanamume mzima, kalamu sikioni, na kila neno lake ni swali. Mama umelima ekari ngapi. Mama una wajukuu wangapi. Mama mnafuga? Nikamjibu tunafuga kuku. Njiani Milembe akanambia, "Bibi, mbona umemdanganya mwalimu?" Nikamwambia mtu mwenye kalamu anajibiwa kidogo, anayetaka zaidi aje na chakula chake.

Jumanne, 14 Februari

Jua. Milembe anapalilia asubuhi, mchana anasoma. Analia akidhani moshi unamficha.

Jumatatu, 20 Februari

Leo nimeshindwa kuvumilia. Amekaa na karatasi tangu niweke maharage jikoni, na maharage yameiva yeye bado yuko pale pale. Nikamwendea.

"Hiki ni nini?"

"Eksi, bibi."

"Eksi ndiyo nini?"

"Ni namba ambayo haijulikani."

"Haijulikani na nani?"

"Na sisi tunaoitafuta."

"Na mwenyewe je?"

"Haina mwenyewe, bibi."

"Wewe mtoto, kila namba ina mwenyewe."

Nikakaa chini nikamweleza, maana naona huko chuoni wanawafundisha bila kuwaambia mambo ya watu. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Baba yangu alikuwa anasimama mlangoni mwa zizi jioni, wanaingia, na akikosekana mmoja anamjua, na hakuna siku alitaja idadi. Aliamini ukiitaja yote mifugo inapukutika. Halafu enzi za wakoloni walikuja watu na karatasi, wanahesabu ili wawalazimishe watu kupunguza mifugo. Baba akasema idadi ndogo, wengine akawatawanya kwenye mazizi ya shemeji. Tangu hapo nyumba yetu mwenye karatasi akiuliza, anapewa pungufu. Hatuiti uongo. Tunaita adabu.

Nikamwambia Milembe, "Sema ng'ombe wa babu yako walikuwa *hao*. Wamezaa ndama watatu. Wawili wamekwenda mahari. Wamebaki wangapi?"

"Hao na mmoja."

"Umejua hao ni wangapi?"

"Hapana."

"Umeshindwa kuhesabu?"

Akavuta karatasi, akaandika, akafuta, akaandika. Nikarudi kwenye maharage yangu. Baadaye nasikia, "Lakini bibi, hapa mwishoni wanataka tuitafute hiyo eksi mpaka tuitaje."

"Hiyo ni shauri yenu. Mimi nisingewaambia."

Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza tangu aje.

Jumatatu, 27 Februari

Anaendelea. Kosa lake kubwa ni mabano. Nimelijua kwa kuwa analilalamikia kutwa. Namba ikiwa nje ya mabano inatakiwa izidishe vyote vilivyo ndani, yeye anazidisha cha kwanza anasahau vilivyobaki.

Nikamwambia, hayo mabano mimi naona ni zizi. Siku ya kuogesha kwenye josho wanaoga wote. Wewe umemwogesha wa mlangoni tu, wenzake umewaacha na kupe.

Sasa akikosea namsikia anajisema mwenyewe: "Kupe hao, kupe hao."

Jumamosi, 4 Machi

Selestini amesikia habari za zizi akacheka mpaka kalamu ikaanguka sikioni. Anasema atawafundishia na wengine. Akaniuliza, "Mama, ulisoma mpaka la ngapi?" Nikamwambia nilisoma vya kutosha kujua maswali yako hayaishi.

Lakini maziwa nimempimia yakafurika.

Alhamisi, 9 Machi

Wingu limekuja likapita kwenda kwa wenzetu wa Malampaka. Hata salamu halikutoa.

Jumatano, 15 Machi

Imenyesha! Imeanza saa ya kukamua mpaka jua kutoka. Pamba imeamka.

Asiyefurahi ni mwanangu Maganga. Anajenga nyumba ya bati hapa hapa kwenye mji wangu, ng'ambo ya zizi. Pamba ya mwaka jana waliinunua watu binafsi, wanagombania mpaka shambani, ushirika umebaki unaangalia, basi kila mtu kijijini anataka bati. Kuta zimesimama, matofali mabichi, juu hakuna kitu. Amezifunika nyasi kama mtu anayemfunika mgonjwa. Mvua ikishika sawasawa zitakuwa uji.

Mkewe Lukresia anashinda mlangoni kwangu, ananiita mayu, yaani mama, anauliza, "Mayu, mvua itakuwa kubwa?" Kama mimi ndiye ninayeifungulia. Huyu mwanamke ameolewa hapa muda mrefu, na bado akikaa kwangu anakaa kwenye ncha ya kigoda kama mgeni wa serikali. Simwelewi na sijajisumbua kumwelewa.

Jumamosi, 25 Machi

Siku ya heshima kwa nyumba yangu, naiandika yote.

Tulikwenda Bariadi mimi, Milembe na Maganga. Maganga amepata lori la mfanyabiashara linalopeleka mpunga stesheni ya Malampaka, likirudi litambebea mbao, maana mbao nzuri zinashuka pale kwa treni na bei yake ni ya kibinadamu. Ila mwenye lori hataki mbao ndefu zinazoning'inia nyuma. Zikatwe huko huko kwa kipimo. Fundi wake, Mashimba, alikuwa msibani. Lori linaunguruma. Maganga akaja mbio barazani kwa Selestini.

"Milembe, wewe si unasomea ujenzi? Nitajie urefu wa mbao za kuegemeza paa."

Milembe akanyanyuka pale pale. Alikuwa mwingine kabisa. "Mjomba, unataka paa lisimame kiasi gani?" Wakaelewana nyuzi thelathini. "Upana wa nyumba?"

Maganga akashika kichwa. "Mama ndiye alipima siku ya msingi. Kwa hatua zake."

Ni kweli. Msingi niliupima mimi, kila mtu alikuwa anabishana, nikawaambia pisheni.

Selestini akachomoa kalamu sikioni, karatasi ipo gotini. "Mama, hatua zako ngapi?"

Nikamwambia nane.

Mzee yule haridhiki. Akaniambia nitembee barazani, akapima hatua yangu kwa futi ya utepe, kutoka kisigino hadi kisigino, watu wanapita njiani wanatazama. Futi mbili kamili. Akasifu: "Mama anatembea kama mashine." Milembe akagawa upana nusu, akachora pembetatu, akaandika kosini, eksi ikahama huku ikaenda kule, ikabaki peke yake. Akaongeza kipande cha kutokeza nje ili mvua isipige ukuta na Lukresia apate kivuli cha kibaraza. Selestini akaipitia yote mstari kwa mstari. "Sina pa kugusa," akasema.

Maganga akaandika kipimo mkononi mwake, akaruka kwenye lori.

Nimerudi natembea kama nina kengele shingoni. Mtoto niliyemlea mimi anapaua nyumba kwa herufi.

Jumatano, 29 Machi

Mvua.

Jumapili, 2 Aprili

Mvua. Kona ya ukuta wa Maganga, upande wa zizi, imemomonyoka. Lukresia amekesha na nyasi.

Alhamisi, 6 Aprili

Mbao zimefika! Nyeupe, zimenyooka, zinanukia. Maganga amemwambia kila apitaye kwamba zimekatwa kwa hesabu ya chuo.

Jumamosi, 8 Aprili

Sijui nianzie wapi, na mimi si mtu wa kukosa pa kuanzia.

Asubuhi watu wamekuja kusaidia. Lukresia amepika. Hata Selestini amekuja na baiskeli kutoka Bariadi, matope mpaka magotini, anataka kuona kazi ya mwanafunzi wake. Mashimba fundi akapanda ukutani. Wakainua mbao mbili za kwanza, moja upande huu, moja upande ule, zikutane juu.

Hazikukutana.

Mashimba akavuta, akasogeza, akazilaza kidogo, akazisimamisha. Juu pamebaki uwazi mtu anaweza kupitisha kondoo.

"Maganga," akaita kutoka juu, "hizi mbao ulikata za nyumba au za banda la kuku?"

Watu wakacheka. Mwingine akasema labda nyumba imenenepa kwa mvua. Maganga hakucheka.

"Milembe! Hiyo ndiyo hesabu ya chuo?"

Mtoto alikuwa amesimama na karatasi yake mkononi. "Mjomba, ngoja niangalie..."

"Utaangalia nini? Mbao zimeshakatwa. Utazivuta?"

Hapo Selestini akasogea mbele, kofia mkononi. "Bwana Maganga, hesabu niliipitia mimi. Macho yangu siku hizi si mazuri. Kosa ni langu, usimseme mtoto."

Maganga akamtazama chini mpaka juu. "Kumbe ndiyo maana walikupunguza, mzee."

Yule mzee akavaa kofia yake, akaokota baiskeli, akaondoka bila kunywa hata maji.

Halafu Mashimba akatoa futi yake, akapima kutoka ukuta mpaka ukuta, akaitangazia dunia yote: "Futi ishirini!"

Nikaziangalia nyayo zangu.

Futi ishirini kwa hatua yangu ni hatua kumi. Na ni kumi. Nilizipima mwenyewe, nakumbuka ya mwisho ilivyokanyaga shimo la panya. Kumi nilikuwa ninazijua siku ile barazani, zipo mdomoni zinasubiri. Yule mzee akatoa kalamu, karatasi ikawa gotini, akauliza ngapi, mdomo wangu ukatoa nane. Sikufikiri. Ulitoa pungufu kama baba alivyoutuma miaka hiyo yote.

Nilikuwa nimeshika sufuria ya ugali wa wasaidizi. Nikaigawa. Nikamkaripia Lukresia kwamba mboga ina chumvi. Mboga haikuwa na chumvi.

Jumapili, 9 Aprili

Mvua kutwa. Sikwenda kanisani. Milembe amerudia hesabu yake kwenye kila karatasi iliyokuwepo, mpaka nyuma ya kalenda.

Jumatatu, 10 Aprili

"Bibi," ananiambia leo tunamenya viazi, "nimelitafuta kosa silioni. Kila nikirudia napata ile ile."

"Basi labda ni sahihi."

"Mbao hazikukutana, bibi. Mtu anayekosea akaona kosa lake anaweza kujifunza. Mimi nakosea na sioni. Nikipaua shule je? Nikipaua hospitali?"

Nikamwambia amenye viazi, asizungumze kama redio.

Jumanne, 11 Aprili

Amefunga vitabu kwa kamba ya katani. Mwanza haendi. Amevaa gauni langu la shamba akaingia kwenye pamba kabla ya umande kukauka. Maganga amesema ni afadhali, mikono ya kuchuma itahitajika.

Mvua. Kona ya pili ya ukuta imekwenda.

Jumatano, 12 Aprili

Mimi ndiye ninayesema watu katika mji huu. Mume wangu Mboje nilimsema, wanangu nimewasema, padre nilimsema kuhusu kengele. Hakuna anayenisema. Nikifungua mdomo kwa jambo hili, Lukresia atakaa kwenye kigoda chote.

Nimeandika hivyo nikasoma tena. Ni aibu kuona ulivyo kwa mwandiko wako mwenyewe.

Alhamisi, 13 Aprili

Nimesema.

Mvua ilipopumzika niliwaita wote kwenye zile kuta: Maganga, Lukresia, Mashimba aliyekuja kudai futi yake, na Milembe nikamtoa shambani na jembe lake. Maganga akasema, "Mama, kuna nini tena?" Nikasema kwa Kisukuma, ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

Nikasema: Msingi ulikuwa hatua kumi. Selestini aliniuliza, nikamwambia nane. Nilijua ni kumi.

Mashimba akatoa jicho. "Kwa nini, mayu?"

"Alikuwa ameshika karatasi."

Hakuna aliyecheka. Watu wa hapa wanaelewa, na Mashimba mwenyewe akiulizwa mbuzi wake huwa ana wawili, wakati kila asubuhi wanakula mtama wangu kundi zima. Maganga akainama kuitazama kona ya ukuta iliyokwenda. Nilikuwa namsubiri. Nilikuwa nimejiandaa kumjibu, na nilipoona hanisemi nikakosa pa kushika.

Milembe ndiye aliyeongea, polepole.

"Bibi, ulisema nane."

"Nane."

"Na ni kumi."

"Kumi."

"Kwa hiyo mimi sikukosea."

"Hukukosea."

Nilidhani atafurahi. Akaliacha jembe likaanguka.

"Ulikuwa unanipikia uji asubuhi unaniangalia. Nafunga vitabu unaniangalia. Ulikuwa unajua, bibi!"

Nikasema tu, "Ndiyo." Ni neno dogo na lilikuwa zito kuliko debe la maji.

Akanipa mgongo. Nikajua sasa anaondoka, anakwenda kwa mama yake Maswa, na chuo ndiyo basi. Alipiga hatua mpaka kwenye lundo la mbao. Akasimama pale. Halafu akainama kwenye majivu ya moto wa Lukresia, akaokota kipande cha mkaa, akaanza kuandika juu ya mbao, ile nyeupe ya juu kabisa.

Mashimba akasema, "Mimi naona tuziunge, kila moja kipande."

"Kiungo katikati ya mteremko kitapinda upepo ukija," Milembe akasema bila kugeuka. "Za chini, zinazolala toka ukuta hadi ukuta, unganisha, zitakaa juu ya ukuta wa kati. Hizi za juu usiziguse." Mkaa unakwenda. "Siku ile pembe nilikuwa naijua, urefu siujui. Sasa urefu ninao, upana ninao. Ninachotafuta ni pembe." Nusu ya upana akaigawa kwa urefu wa mbao. Akaniomba, hapana, hakuniomba mimi, alimwomba Lukresia amletee kitabu chenye jedwali. Lukresia akakimbia, akakata kamba ya katani kwa meno. Milembe akapitisha kidole kwenye safu za namba, akashuka, akasimama.

"Nyuzi ishirini na moja kasoro kidogo. Mjomba, tukiliinamisha paa mpaka hapo, mbao zinakutana. Maji yatateremka kwenye bati bila shida."

"Na kile cha kutokeza nje?" Lukresia akauliza.

Milembe akamtazama. "Hakitakuwepo, mama. Mbao yote imeingia ndani. Ukuta utaupiga lipu ya saruji nje, na kibaraza hutapata. Samahani."

Lukresia alikuwa amekwishachagua mahali pa kuweka mtungi kwenye kibaraza kile. Nililiona jicho lake likienda pale. Akasema, "Afadhali paa." Hakunitazama mimi, na angeweza.

Mashimba akapanda. Wakainua mbili za kwanza, wakazilaza. Zikakutana juu kama watu wawili wanaosalimiana. Milembe hakushangilia. Alipangusa mkaa kwenye gauni langu.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka

Nimekwenda misa. Milembe amekaa benchi lingine.

Jumatano, 19 Aprili

Nimekwenda Bariadi peke yangu, jogoo kwapani, mpaka barazani kwa Selestini. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Akasikiliza bila kuuliza swali hata moja.

"Nilijua hesabu ni sahihi," akasema. "Nilipofika hapa niliirudia."

"Sasa ulisema kosa ni lako kwa nini?"

"Mama, mtoto akiamini mzee Selestini macho yamekwisha, amepoteza nini? Akiamini mkono wake mwenyewe haufai, sitampata tena. Nilichagua kilicho rahisi." Akamchukua jogoo. "Na kweli nilikosea. Nilipima hatua yako kwa futi badala ya kupima nyumba."

Nikamwambia Maganga atakuja kumwomba radhi. Akasema si lazima. Nikamwambia nani amekuuliza kama ni lazima, atakuja. Halafu nikakaa. Tukanywa chai. Aliniuliza wajukuu wangapi, nikamtajia wote, mmoja mmoja kwa jina. Ilituchukua muda.

Jumamosi, 29 Aprili

Bati limekwisha kupigwa. Mvua imelipiga usiku kucha, ndani pakavu. Limeinama kidogo, linaonekana kama mtu aliyevuta kofia usoni. Maganga amekwenda kwa Selestini na debe la mpunga. Amerudi na Milembe, aliyeanza masomo tena kule, wamechelewa, wote wawili wananuka chaki.

Ijumaa, 5 Mei

Milembe amenisemesha. Amesema chumvi iko wapi.

Alhamisi, 11 Mei

Pamba imeanza kupasuka upande wa kichuguu. Milembe anasoma, nimemkataza kuchuma. Amebisha. Nimemwambia nimesema hapana, na leo nina haki. Akasema, "Leo tu, bibi," na tabasamu lilikuwa linapita mbali, nimeliona.

Anafanya sasa mahesabu marefu, upande huu wa alama ya sawasawa na upande ule, anathibitisha kwamba kitu kimoja ni kile kile kimevaa nguo nyingine. Hanielezi tena kwa ng'ombe. Nimejaribu kumuuliza, ameniambia, "Hii hapa, bibi, ng'ombe hawafiki." Imeniuma kidogo, halafu nikaona ndivyo inavyotakiwa.

Jumamosi, 20 Mei

Amepanda basi asubuhi. Kituoni nilikuwa na hotuba nimeiandaa, ya kumwonya juu ya wavulana, na kulala mapema, na kula. Basi likapiga honi, nikaishia kusema, "Ukifeli rudi. Ukifaulu rudi." Akanishika mikono yote miwili, akapiga goti kidogo kama nilivyomfundisha, mbele ya watu wote wa Bariadi, halafu akapanda.

Jumanne, 30 Mei

Leo ndiyo mtihani. Nimechuma mstari mmoja mara mbili, mara ya pili nilikuwa nachuma maganda.

Jumapili, 11 Juni

Hakuna habari. Jua. Nimemsema mbwa.

Jumamosi, 24 Juni

Nyumba ya Maganga mchana ni tanuri. Haina kivuli nje, bati halijatokeza hata kidole. Kwa hiyo jua likipanda Lukresia anachukua fuko lake la pamba anakuja kwangu, kwenye kivuli cha nyasi za paa zinazoning'inia, tunachambua pamoja, safi huku, fifi, ile yenye uchafu, kule. Hawa wanunuzi wa siku hizi wanabeba zote bila kuchagua, lakini mimi siuzi uchafu. Mwanzoni nilikuwa nasema lo, amekuja tena. Anaongea vizuri, kumbe. Anajua kuigiza sauti ya kila mtu kijijini, hata ya padre. Yangu pia anaijua, nimemkamata.

Leo tukiwa hapo tukaona baiskeli inakuja kwenye vumbi, kofia tunaijua. Selestini. Alikwenda posta Bariadi akapiga simu chuoni Mwanza. Hakushuka vizuri, akaanza kusema yuko juu ya baiskeli.

"Amefaulu! Anaendelea mwaka wa pili. Hesabu amekuwa wa tatu darasa zima."

Lukresia akapiga kigelegele mpaka ng'ombe wakainua vichwa. Mimi nikamkaripia Selestini, mtu wa umri wake kuendesha na jua hili, akifia njiani watasema ni mimi. Nikampa maji. Nikamjazia kata ya pili kabla hajaimaliza ya kwanza.

Akaondoka. Tukarudi kwenye pamba. Lukresia akatazama nyumba yake ng'ambo ya zizi, ule ukuta uliosimama juani bila kivuli.

"Mayu, Milembe akimaliza chuo, atakuja kuniwekea kibaraza?"

"Atakuja."

"Na vipimo?"

Alivyouliza hakunitazama, lakini alikuwa anabana mdomo, na amekaa kwenye kigoda chote.

"Atapima mwenyewe kwa futi," nikamwambia. "Mimi nitamshikia ncha."